Barua Zisizo na Jina, Zenye Namba ya Simu

Kama umewahi kuomba kazi, kuacha kazi, kumshitaki jirani au kumwomba radhi mkwe katika mtaa wetu, barua yako imepita mikononi mwa Mama Chapa. Usibishe. Chumba chake kinatazamana na kituo cha polisi, barabara tu ndiyo imewatenga. Ndani kuna kompyuta moja, printa moja inayokohoa kabla ya kufanya kazi, mashine ya lamineti, na nje barazani kuna benchi lililokaliwa na kila mwenye shida kwa miaka kumi na tisa. Kompyuta ina kitambaa chake cha kufuma. Jioni ikizimwa inafunikwa vizuri, inaachwa ilale.

Ni mjane, ana miaka hamsini na kitu, na ana vidole vifupi vinavyokimbia kwenye kibodi kama kuku wamemwagiwa mtama. Watoto wake watatu wote wana kazi, na wote aliwaandikia yeye barua za maombi. Yule wa pili alipoitwa kwenye usaili, waajiri walimsikiliza dakika kumi, wakamwuliza kwa upole kama aliyeandika ile barua naye anatafuta kazi.

Hapo ndipo penye ugonjwa wake. Mama Chapa hawezi kuona barua nyembamba. Unakwenda na maneno mawili, unatoka na kurasa mbili. Mimi niliwahi kwenda kuomba ruhusa ya siku tatu kwa sababu ya mafua. Barua ilipofika kazini ilisema "maradhi yaliyoniandama kwa muda mrefu na ambayo wataalamu wameshauri nipumzike." Ijumaa wenzangu walikuja nyumbani na matunda, wengine wameshaanza kulia. Nikalazimika kujilaza.

Na kuna jambo la pili, dogo, ambalo ndilo limetufikisha hapa. Zamani mwanawe mkubwa alimwekea maandishi madogo chini ya kila ukurasa: "Imechapwa kwa umakini na Mama Chapa, mkabala na kituo cha polisi. Kopi, lamineti, barua za aina zote," halafu namba ya simu. Yanatoka yenyewe. Yametoka kwenye kadi za harusi, kwenye talaka, kwenye wasifu wa marehemu. Baada ya miaka yote hiyo yeye mwenyewe alikuwa hayaoni tena, kama usivyoiona pua yako.

Kila siku saa nne asubuhi alikuwa na wageni wake watatu wa chai. Wa kwanza ni Mwalimu, mstaafu, mwenye kalamu nyekundu mfukoni mpaka leo, anayesahihisha hata mabango ya barabarani. Wa pili ni Dada Dawa, mwenye duka la dawa la pembeni, mwanamke wa sauti kubwa na mkono mkubwa wa kupakua. Wa tatu ni Kitasa, fundi kufuli, mtu wa maneno machache, mwenye kibanda cha bati kisicho na dirisha. Wote wanne walikuwa wapangaji wa mtu mmoja, Mwenye Nyumba, aliyemiliki safu nzima ya maduka, pamoja na chumba anachoishi Mwalimu nyuma yake, na aliyekuwa na ofisi mwisho wa safu.

Walikuwa marafiki kwa miaka kumi na mitatu. Urafiki wenyewe ulijengwa kwa kumsengenya Mwenye Nyumba, lakini tusiudharau. Kuna ndoa zimesimama kwa msingi mdogo kuliko huo. Walikuwa na kanuni moja: linalosemwa benchini linazikwa benchini. Na Mama Chapa alikuwa akijisifu, "Mimi ni kaburi. Kaburi lenye printa."

Sasa twende kwenye Jumanne yenyewe.

Saa tisa na nusu mchana Kitasa aliingia peke yake, akarudisha mlango nyuma yake, akakaa kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyekuja kung'olewa jino.

"Nataka barua kwa Mwenye Nyumba," akasema. "Lakini iwe kaburini."

"Kaburi lipo. Sema."

"Nataka chumba cha pembeni."

Mama Chapa akaondoa vidole kwenye kibodi. "Chumba cha pembeni si cha Dada Dawa?"

"Ndicho."

"Dada Dawa huyu huyu wa chai?"

"Mama Chapa, mimi nakaa ndani ya bati. Mchana nachonga ufunguo gizani huku najichonga mwenyewe. Yeye ana madirisha mawili. Halafu dawa za kikohozi anaziweka karibu na mafuta ya taa. Andika hilo."

Rafiki mwema angemwambia, nenda kazungumze na mwenzio. Lakini mwandishi mwema alikuwa ameshapata aya ya kwanza. Akaandika. Aliandika zaidi ya saa nzima, maana kila alichosema Kitasa kilionekana kimekonda. Katikati ya kazi akaingia askari wa masjala kutoka ng'ambo na fomu zake za kutoa kopi. Kitasa akasimama akampisha kiti, wakaulizana hali, askari akatoa kopi zake akaondoka. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi printa ikakohoa, barua ikatoka kurasa mbili. Kitasa akaikunja akaiweka ndani ya shati.

Alipanga kuipitisha chini ya mlango wa ofisi ya Mwenye Nyumba. Alipoinama akakuta mlango haukufungwa. Ukasogea wenyewe. Akaona soli za viatu, zimeangalia juu. Kitasa hakuingia na hakupiga kelele. Alikimbia, na huko alikokimbilia aliichana ile barua vipande vipande, akavitupa mtaroni.

Dakika mbili baadaye Mwalimu alipiga yowe. Mwenye Nyumba alikuwa chini, amepigwa kichwani na jiwe lake mwenyewe la kuzuia mlango. Mpangaji wa juu aliwaambia polisi kwamba alisikia kishindo saa kumi na robo, anakumbuka vizuri kwa sababu kilimharibia usingizi. Mlango haukuvunjwa. Kufuli la mlango zima, dirisha zima. Aliyeingia alijua kuingia.

Asubuhi yake benchi lilikuwa na watu wote wanne na hakuna aliyekunywa chai.

"Masikini," akasema Dada Dawa.

"Masikini kabisa," akasema Mwalimu.

"Binadamu si kitu," akasema Kitasa, akaangalia viatu vyake.

Miaka kumi na mitatu walimwita marehemu kupe. Ndani ya siku moja amekuwa masikini. Kifo kinasafisha kuliko sabuni.

Saa tano, Mwalimu akarudi peke yake. Amekuja na rasimu, imeandikwa kwa mkono, ina vipengele vya namba na vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Nataka iende polisi. Bila jina."

Mama Chapa akasoma. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba jana saa kumi na moja alimwona fundi kufuli ameinama kwenye mlango wa marehemu, kisha akakimbia.

"Mwalimu, ulimwona kweli?"

"Kwa macho haya."

"Si uvuke barabara uwaambie. Hata viatu havitachafuka."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

Mwalimu akavua miwani akaifuta, akaivaa. "Jana niliwaambia nilikuwa napita tu. Nikiongeza neno wataniuliza nilikuwa natafuta nini pale."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Wewe ni kaburi au ni askari?"

Mama Chapa akachapa. Mwalimu akataka pia kiongezwe kipengele cha mwisho, kwamba mwandishi wa barua hii yuko tayari kushauri upelelezi pale atakapohitajika. Alipoulizwa watamhitajije mtu asiye na jina, akafikiri kidogo, akasema polisi ndiyo kazi yao kutafuta.

Saa tisa alasiri zamu ya Dada Dawa. Yeye hakukaa. Alisimama na kuchungulia dirishani kila akisema neno.

"Jumatatu nilimpigia kelele mbele ya watu. Nilimwambia atakufa vibaya. Mtaa mzima umesikia."

"Nilisikia hata mimi, na printa ilikuwa inafanya kazi."

"Basi wataanza na mimi. Nina wazazi wananitegemea, nina duka. Mama Chapa, wape kitu kingine cha kuangalia kwanza. Siku mbili tu, mpaka wampate mwuaji mwenyewe."

"Kitu gani?"

Dada Dawa akalamba midomo. "Kitasa anajua kufuli."

"Ndiyo hayo tu?"

"Si uongo. Anajua kufuli. Wewe andika hivyo hivyo, anajua kufuli."

Maneno matatu ukihesabu na jina la mtu. Mama Chapa aliyaangalia kwenye kioo cha kompyuta, meupe, matupu, yanatia huruma. Mkono wake haukuweza kuyaacha vile. Akaweka kichwa cha habari. Akaweka "husika na kichwa cha habari hapo juu." Akaweka "mtajwa ana utaalamu wa hali ya juu wa kufungua mlango wa aina yoyote pasipo kuacha alama hata moja, jambo ambalo kwa mtazamo wa raia mwema si la kupuuzwa." Dada Dawa alisomewa, akashtuka kidogo.

"Mbona imekuwa kali?"

"Imekuwa kamili."

Alhamisi saa mbili asubuhi askari wawili walitembea hatua ishirini mpaka kwenye kibanda cha bati wakamchukua Kitasa. Wakamwuliza Jumanne saa kumi na robo alikuwa wapi.

"Natembea."

"Wapi?"

"Huku na huku."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Kwenye mlango wa marehemu ulifuata nini?"

Kitasa akaomba maji.

Ukiwa na majibu kama hayo, hata mama yako mzazi anaanza kukutilia shaka.

Na Dada Dawa? Aliposikia kweli amekamatwa, aliingia jikoni. Alhamisi mchana alivuka barabara na hotpoti yake kubwa ya maua, ile ya wageni, imejaa chakula. Ijumaa akaenda. Jumamosi akaenda. Wengine wakikosa usingizi humeza vidonge, na yeye vidonge alikuwa navyo duka zima, lakini dhambi ya namna ile inataka kukaangiwa vitunguu. Mtaa ukamsifu. Jamani, rafiki ndiyo huyu.

Jumamosi Mama Chapa naye alikwenda kumwona. Walizungumza kwenye wavu, askari anachezea simu pembeni.

"Baba, kwa nini husemi ulikuwa kwangu?" akamwuliza kwa sauti ya chini. "Nilikuwa na wewe mpaka saa kumi na moja kasoro. Sema tu unatoka leo."

"Wataniuliza nilifuata nini."

"Sema barua."

"Wataniuliza barua gani." Kitasa akasogeza uso kwenye wavu. "Yule mwanamke ananiletea chakula kila siku. Jana ameniletea na taulo. Ndugu zangu wa tumbo moja hawajafika hapa, yeye kafika. Halafu asikie nilikuwa nampokonya duka?"

"Watakufunga kwa kuua mtu."

"Watampata mwenyewe tu."

Mama Chapa akamwangalia. Wawili hao, mmoja ndani na mwingine jikoni, kila mmoja alikuwa anangoja mwenyewe apatikane. "Na wasipompata?"

"Umeniambia wewe ni kaburi," akasema Kitasa. "Basi kaa kimya kama kaburi."

Alirudi na siri tatu kifuani. Ya Kitasa ilikuwa inamtoa ndani. Ya Mwalimu na ya Dada Dawa ndizo zilizomwingiza. Na kama angeitoa moja, nani tena angekuja kuandikisha kitu kwake? Katika mtaa huu ukishaitwa kinywa wazi, funga duka uuze nyanya. Jumapili hakula. Alifunua kompyuta, akaifunika, akaifunua.

Jumatatu saa tatu asubuhi simu yake iliita. Akapokea. Upande wa pili mtu akasema, "Ahaa," akakata. Mama Chapa akainua kichwa, akamwona mpelelezi amesimama kwenye dirisha la kituo, simu mkononi, anamtazama.

Alikuwa mwanamke mwembamba, amechoka, faili kwapani. Watu wote humwita Afande, na yeye haonekani kufurahia. Alivuka, akakaa benchini, akatoa karatasi mbili.

"Hizi barua hazina jina, mama."

"Hazina."

"Lakini zina namba ya simu. Nikaipiga. Nilifikiri nitasafiri."

Mama Chapa akazichukua. Mwalimu. Dada Dawa. Na chini, herufi ndogo ndogo, kwa umakini, mkabala na kituo cha polisi.

"Nani alikuja kuandikisha?"

"Afande, kazi yangu ni kaburi."

"Makaburi tunafukua, mama. Kibali tu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza saa za kufungua ofisi. "Kesho asubuhi yule fundi anakwenda mahakamani kwa kesi ya mauaji. Nina asiye na jina mmoja aliyemwona anakimbia. Na nina asiye na jina wa pili. Huyu ndiye amemmaliza." Akaweka kidole kwenye mstari. "Utaalamu wa hali ya juu wa kufungua mlango wa aina yoyote pasipo kuacha alama hata moja. Bosi wangu aliisoma hii akapiga meza. Akasema huyu aliyeandika anajua anachosema."

Mama Chapa alisoma sentensi yake. Ni nzuri kweli. Ina mizani. Na hakuna mtu aliyeisema. Si Dada Dawa, si Mwalimu. Ilitoka hapa, kwenye kiti hiki, kwa sababu yeye hapendi barua nyembamba. Kwa muda wote ule alijiona ni mtunza siri za watu, kumbe shahidi mkuu wa kesi alikuwa yeye.

"Afande. Kama mtu alikuwa mahali pengine, ni lazima iandikwe alikuwa anafanya nini huko?"

"Lazima."

"Hata kama alichofanya si kosa?"

"Kama si kosa anaogopa nini?"

"Aibu," akasema Mama Chapa.

Afande akafikiri. "Mahakamani hatuna fomu ya aibu."

Mama Chapa akaingia ndani, akaondoa kitambaa cha kufuma, akakikunja mara nne kama anakunja nguo ya marehemu. Printa ikakohoa. Kurasa mbili za barua ya Kitasa zikatoka. Akamwonyesha Afande kwenye kompyuta saa ya kuanza na saa ya kumaliza, dakika kwa dakika.

"Saa ya kompyuta mtu anaweza kuichezea," akasema Afande.

"Basi muulize askari wako wa masjala. Saa kumi na robo alikuwa hapa anatoa kopi za fomu zenu. Kitasa ndiye aliyempisha kiti."

Afande alifumba macho muda mrefu kidogo. Siku tano wamemweka mtu ndani, na shahidi wake anakaa chumba cha pili, anagonga mihuri.

Ungefikiri hapo mambo yangeishia kimyakimya. Lakini ofisi ni ofisi. Ili mtu atoke, sharti maelezo yasomwe kwa sauti kaunta, mhusika akiri kuwa ni yake, atie sahihi. Ilikuwa saa saba mchana. Saa ya hotpoti.

Kitasa alikuwa kaunta anarudishiwa mkanda wake wa suruali. Mama Chapa amesimama kando kama mshitakiwa. Mwalimu naye alikuwepo, amekuja, alisema, kuuliza kama kuna ushauri wowote unahitajika. Dada Dawa akaingia na chakula.

"Amekula?" akauliza, kabla hata ya kusalimia.

Afande akaanza kusoma. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa na utaratibu. "Yah, maombi ya kupewa chumba cha pembeni kinachokaliwa kwa sasa na mwuza dawa. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ni kwa masikitiko makubwa kwamba nalazimika kumtaja mwanamke huyu, ambaye uzembe wake katika kuhifadhi dawa ni bomu linalosubiri wakati."

Akasoma mpaka mwisho. Kurasa mbili ni nyingi sana ukiwa umesimama.

"Barua hii ni yako?"

"Yangu," akasema Kitasa, akiuambia mkanda wake.

Dada Dawa aliweka hotpoti juu ya kaunta polepole. "Masikitiko makubwa," akasema. "Ulisikitika sana, Kitasa?"

"Hilo ni la Mama Chapa. Mimi nilisema tu mafuta ya taa yako karibu."

"Na bomu?"

"La Mama Chapa."

"Siku tano nimekupikia. Siku tano. Mume wangu wa kwanza sikumpikia siku tano mfululizo."

Kitasa angenyamaza hapo labda yangepoa. Lakini faili lilikuwa wazi mbele yake, na macho ya fundi kufuli yamezoea vitu vidogo. Akaona maandishi yale yale chini ya karatasi nyingine. Akasoma juu yake.

"Na hii ya utaalamu wa hali ya juu, imeandikwa na nani?"

Halafu Dada Dawa akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo, ndogo, "Mimi nilisema tu unajua kufuli. Hilo jingine ni la Mama Chapa."

"Kumbe ndiyo maana ukanipikia."

"Ndiyo maana."

"Na taulo?"

"Na taulo."

Mwalimu akakohoa. "Hii inaonyesha jinsi uaminifu ulivyoporomoka katika jamii," akasema.

"Mwalimu," akasema Afande, "karibu na wewe." Akafungua droo, akatoa daftari la shule, kava limechakaa. "Hili tumelikuta ofisini kwa marehemu. Kila siku limeandikwa nani kasema nini benchini. Tarehe, saa, maneno. Tulikuwa tunajiuliza ni mwandiko wa nani." Akaligeuza wote waone. Pembeni mwa kila taarifa palikuwa na masahihisho. Kwa wino mwekundu.

Dada Dawa akasoma ukurasa mmoja kwa sauti. "Jumatatu. Mwuza dawa kakuita kupe. Nilijaribu kukutetea."

"Nilijaribu kweli," akasema Mwalimu.

"Miaka mingapi hii?"

"Tangu daftari la kwanza au hili?"

Ndipo wote watatu wakageuka wakamtazama Mama Chapa. Yeye hakujitetea. Angeweza kusema kwamba wao ndio walioleta maneno. Alisema, "Nyinyi mlileta mafuta kijiko. Debe niliongeza mimi." Akatoka, akavuka barabara, akafunga mlango mapema.

Mwuaji? Ah, ndiyo, kulikuwa na mwuaji. Afande alipokosa mtu, akauliza swali ambalo angeuliza siku ya kwanza kama barua zisingemjaa mezani: nani mwingine alikuwa na ufunguo? Shemeji wa marehemu. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Siku zote sita alikuwa na funguo za ofisi kiunoni, anatolea viti vya msiba, anawapokea wageni, analia kwa zamu. Waligombana juu ya kiwanja cha familia. Alikiri kabla chai yake haijapoa. Alipitisha viti vya msiba mbele ya macho ya polisi, funguo zikilia, na kwa kuwa hakuna aliyemwandikia barua, hakuna aliyemshuku. Ndivyo tulivyo. Mtu hawi mwovu mpaka aandikwe vizuri.

Benchi likakaa tupu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chai Mama Chapa alikunywa ndani, mlango nusu. Wateja walipungua kama alivyoogopa. Walibaki wa kopi na lamineti, watu ambao siri zao ziko kwenye vitambulisho tu. Mwalimu akaanza kuzunguka mtaa wa nyuma ili asipite mbele ya safu. Dada Dawa alihamisha mafuta ya taa. Kitasa alirudi kwenye bati lake na ile hotpoti iliyoachwa kaunta, na alipokutana na Dada Dawa njiani wote wawili walisoma mabango.

Wiki ya nne, mchana kweupe, Kitasa akaingia. Akaacha mlango wazi.

"Nataka barua kwa Dada Dawa."

"Mtu yuko hatua kumi na tano kutoka hapa."

"Nimejaribu. Nikifika mlangoni naomba panadoli. Nina panadoli za kunitosha mpaka uzeeni."

Mama Chapa akaweka vidole. "Sema."

"Nilitaka chumba chako. Samahani."

Akachapa. Akangoja. Yakabaki pale juu kwenye kioo, maneno manne, chini yake weupe mtupu kama uwanja wa mpira asubuhi. Alishaiona aya ya kwanza, na ya pili, na kichwa cha habari.

"Endelea," akasema Kitasa. "Ongezea pale unapoongezeaga."

"Siongezi."

"Hata masikitiko?"

"Kama unasikitika mwambie. Mimi sijakusikitikia."

Kitasa akakuna shingo. "Basi iache hivyo. Na ile namba yako ya simu chini, itoe."

Kuitoa kulimchukua karibu nusu saa, kwa sababu hakuwahi kujua ilikaa wapi. Printa ikakohoa kikohozi kizima kwa ajili ya mstari mmoja. Kitasa hakuweza kuipeleka. Akaipeleka Mama Chapa.

Dada Dawa alikuwa anapanga chupa. Aliipokea karatasi, akaigeuza nyuma kutafuta nyingine, akaigeuza tena mbele.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hiyo."

"Kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hujaweka kitu?"

"Nukta mbili."

Dada Dawa aliisoma tena, muda mrefu kuliko inavyostahili kusomwa. Akaikunja, akaiweka chini ya mizani, mahali anapoweka vitu asivyotaka vipeperuke. Akarudi kwenye chupa zake. Mama Chapa alipofika mlangoni akaitwa.

"Muulize hotpoti yangu anairudisha lini."

"Nimwandikie?"

"Wewe usiandike kitu," akasema Dada Dawa. "Nenda kamwambie kwa mdomo."